Mwongozo Uliochakaa Humpoteza Mwanafunzi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Neno hilo ni la kweli, nasi walimu tumelirudia madarasani hadi limekuwa kama salamu. Hata hivyo, wahenga hao hawakutueleza yatakayompata msafiri anayeuliza njia kwa unyenyekevu, kisha akaelekezwa na mtu aliyeipita njia hiyo mara ya mwisho kabla daraja halijasombwa na maji. Msafiri huyo ameuliza, amesikiliza na amefuata. Akitumbukia mtoni, nani alaumiwe?

Swali hili limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na leo ningependa kulijadili mbele ya walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao. Linahusu somo la tarakilishi, na hasa vitabu, karatasi na kurasa za maelezo tunazowapa vijana ili wajifunze kuandika programu. Dai langu ni moja. Mwongozo uliopitwa na wakati ni sehemu mbovu ya programu yenyewe, na mwalimu anayeugawa bila kuupima hana budi kubeba sehemu yake ya lawama. Nasema hivyo nikijua fika kwamba mkosaji wa kwanza ni mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Msichana mmoja wa chuo, mwerevu na mwenye bidii, alipewa kazi ya kupanga barua pepe za ofisi fulani. Zilikuwa barua za miaka kadhaa: za wazazi walioulizia karo, za vijana walioomba nafasi za masomo, na za wauzaji wa vitabu. Ofisi ilitaka kujua ni zipi ambazo hazikuwahi kujibiwa. Si kazi ya mchezo hiyo, kwa maana nyuma ya kila barua isiyojibiwa yupo mzazi anayeamini kuwa amedharauliwa. Nilimshauri atumie lugha ya Python pamoja na programu iitwayo notmuch, nikampa karatasi yangu ya maelezo.

Alirudi baada ya wiki mbili akiwa amekonda kwa kukesha. Programu yake ilikuwa ikianza vizuri, ikizipata barua zote alizozitafuta, kisha ikizima ghafla kama koroboi iliyopigwa na upepo. Haikumwambia kosa liko katika mstari gani. Iliacha kiwamboni maneno mawili tu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "nadhani kazi hii si ya watu kama mimi."

Tuliketi pamoja alasiri nzima. Kufikia magharibi tulikuwa tumetambua kwamba takriban kila jambo alilolifanya lilikubaliana na karatasi aliyopewa. Kilichokosekana kilikosekana katika karatasi. Nayo karatasi hiyo niliiandika mwenyewe mwaka 2018, nikairudufisha mwaka baada ya mwaka bila kubadilisha hata nukta.

Ili msomaji asiyekuwa fundi asiachwe nyuma, afadhali nieleze kidogo jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Programu ya notmuch ilianzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Haipokei barua wala haizipeleki. Kazi yake ni kuzitia katika faharasa barua zilizokwisha kufika, ili mwenyewe aweze kutafuta moja miongoni mwa maelfu kwa kufumba na kufumbua. Faharasa hiyo hutunzwa na maktaba nyingine ya programu iitwayo Xapian. Kiini cha notmuch kimeandikwa kwa lugha za C na C++, ambazo ni lugha za mafundi wazoefu: zina kasi kubwa, lakini humwachia mwandishi mzigo wa kujua ni lini kumbukumbu ya tarakilishi inachukuliwa na ni lini inarudishwa.

Mwanafunzi anayeandika kwa Python hawezi kusema na kiini hicho moja kwa moja. Anahitaji mkalimani. Mkalimani huyo ndiye mafundi wamwitaye kiungo: programu ndogo inayosimama baina ya lugha mbili, ikipokea ombi kwa Python, ikilitamka kwa C, na kuleta jibu. Kila aliyewahi kuketi mahakamani au kanisani akisikiliza mahubiri yanayofasiriwa anajua kwamba mkalimani hodari hatambuliki, ilhali mkalimani dhaifu huweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Kiungo cha kwanza cha notmuch kwa Python kilitumia chombo kiitwacho ctypes, kilichoingizwa katika maktaba ya kawaida ya Python mwaka 2006. Chombo hicho ni chepesi na kina faida zake, ila kina kasoro moja kubwa. Hakisomi mkataba ulioandikwa upande wa C. Huamini tu kile alichoambiwa na mwandishi wa kiungo. Upande wa C ukibadilisha amri, mkalimani huyu ataendelea kuitamka kwa namna ya zamani, na hapana mtu atakayemkatiza. Chukua mfano wa amri ya kuhesabu barua. Hapo awali ilirudisha idadi yenyewe. Baadaye ikabadilishwa, ikawa inarudisha habari kama kazi imefaulu au imeshindwa, na idadi inawekwa mahali pengine ambapo mwombaji amepatayarisha. Mtu anayeita amri mpya kwa mtindo wa kale huwa hakutayarisha mahali popote, na idadi huandikwa pasipojulikana. Waundaji wa notmuch waliijua hatari hiyo, ndiposa wakaipa maktaba yao nambari mpya pindi mkataba unapovunjwa, ili kiungo cha zamani kikatae kazi badala ya kupayuka.

Kasoro iliyomwangusha mwanafunzi wangu ilikuwa nyingine, nayo ina mafunzo zaidi. Katika notmuch kila kitu kina mzazi wake. Hazina ya barua humzaa mtafutaji, mtafutaji huizaa orodha, na orodha huzaa barua moja moja. Kumbukumbu yote hupangwa kwa chombo kiitwacho talloc, kilichotoka katika mradi wa Samba, na sheria yake ni kali: mzazi akiondolewa, watoto wote huondolewa naye. Python, kwa upande wake, ina utaratibu wake wa kufagia kumbukumbu. Huangalia ni vitu vipi ambavyo hakuna anayevihitaji tena, kisha huvitupa. Haitoi ahadi kwamba itavitupa kwa mpangilio anaoutaka mwenzake wa upande wa C.

Hebu fikiria jengo la kupangisha lenye wasimamizi wawili wasiosemezana. Mmoja ana daftari la wapangaji, na mwingine ana tingatinga. Yule wa tingatinga anaambiwa kuwa jengo halitumiki tena, naye analibomoa mara moja. Mpangaji aliyekwenda sokoni anarudi na ufunguo mkononi. Ufunguo ni halali na nambari ya chumba ni sahihi, lakini anapoinua mguu kuingia hakuna sakafu. Hivyo ndivyo programu inavyozima ghafla. Python bado imeshika jina la barua, ilhali kile kilichokuwa nyuma ya jina hilo kimekwisha kuondolewa.

Mwanafunzi wangu alikuwa amefanya jambo ambalo mwalimu yeyote angelisifu. Aliigawa kazi yake katika sehemu. Sehemu moja ilifungua hazina, ikatafuta barua, ikafunga hazina, kisha ikakabidhi orodha. Sehemu ya pili ilipokea orodha hiyo na kuanza kusoma vichwa vya barua. Hapo ndipo alipoanguka, kwa sababu barua hazikuwa zimenakiliwa popote, zilikuwa zikisomwa katika hazina kila zinapoulizwa, na hazina ilikwisha kufungwa. Karatasi yangu haikusema lolote kuhusu jambo hilo. Mfano niliouandika ulikuwa wa mistari sita, mfupi mno hata hatari hiyo isingeweza kuonekana.

Isitoshe, karatasi ilimfundisha kiungo ambacho wenyewe walikuwa wamekwisha kukiacha. Mwaka 2020, notmuch ilipotoa toleo la 0.30, kilitangazwa kiungo kipya kiitwacho notmuch2, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Floris Bruynooghe. Hiki hutumia chombo kingine, cffi, ambacho huweza kumwita mfasiri wa lugha ya C mwenyewe aje ahakikishe kuwa maneno ya mkataba yanalingana. Pia kinafuatilia uhusiano wa mzazi na mtoto, na mtu akigusa kitu ambacho kimekwisha kuharibiwa, hutoa kosa lenye jina linalosema hivyo waziwazi, badala ya kuzima taa na kumwacha gizani.

Lakini majina yalibadilika. Palipokuwa na amri mbili, moja ya kuunda ombi na nyingine ya kutafuta, sasa pana moja iitwayo messages. Iliyoitwa get_header ikawa header. Iliyoitwa get_filename ikawa path. Mabadiliko haya ni mazuri, kwa maana yamefupisha maneno. Balaa ni kwamba programu hubadilika kwa siku moja, ilhali maelezo yaliyotapakaa duniani kuhusu programu hiyo hayabadiliki pamoja nayo. Mwanafunzi wangu, alipokwama, alitafuta msaada mahali pengine, akapata mifano ya kiungo kipya, akaipachika ndani ya programu aliyoiandika kwa kiungo cha kale. Ikawa sawa na kushona koti kwa kutumia vipimo vya watu wawili, mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Mtu asidhani kuwa maradhi haya ni ya notmuch peke yake. Mgala muue na haki umpe: waundaji wake ni watu wanaojitolea, na wameyaandika mabadiliko yao kwa uaminifu kila wanapotoa toleo jipya. Maradhi haya yameenea katika kila kinachohusu barua pepe na Python. Toleo la 3.0 la lugha hiyo lilitoka Desemba 2008 likiwa halielewani kikamilifu na matoleo ya 2, na matoleo hayo ya 2 yaliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Hata hivyo, ipo mifano mingi ya kutunga barua pepe inayotumia majina ya Python 2, ambayo mwanafunzi wa leo akiyaandika ataambiwa hayapo. Sehemu iitwayo smtpd, ambayo vitabu kadhaa viliitumia kumwonyesha mwanafunzi jinsi kituo cha kupokea barua kinavyofanya kazi, iliondolewa kabisa katika toleo la 3.12 lililotoka Oktoba 2023.

Upo hata mfano unaoumiza zaidi. Kwa miaka mingi masomo ya kutuma barua kwa Python yalimwagiza mwanafunzi aandike anwani yake ya Gmail na nywila yake ya kila siku, basi barua iende. Tarehe 30 Mei 2022 kampuni ya Google iliacha kuikubali njia hiyo kwa programu za nje, kwa sababu za usalama. Tangu siku hiyo, mwanafunzi anayefuata somo la mwaka 2015 huandika nywila iliyo sahihi kabisa na bado akakataliwa. Ataijaribu mara tatu, ataibadilisha, ataijaribu tena. Mwishowe ataamini kuwa yeye ndiye asiyejua kuandika.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Fundi mzoefu akikutana na mwongozo uliochakaa hucheka, akautupa, akaenda kusoma chanzo cha programu yenyewe. Mwanafunzi hana pa kusimamia. Yeye hujua mambo mawili tu: kwamba kitabu kinasema hivi, na kwamba tarakilishi inakataa. Maadamu amefunzwa tangu utotoni kuwa kitabu hakikosei na mashine haikosei, anabaki mshukiwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Anajihukumu bila wakili. Ni wangapi ambao wameliacha somo hili kwa hukumu kama hiyo, huku waliobaki wakidhaniwa kuwa ndio wenye akili?

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Hatua hiyo ilikuwa ya kupongezwa. Lakini mtaala hutembea kwa miguu ya vitabu na karatasi, na katika shule nyingi ambako mtandao ni wa kubahatisha na tarakilishi ni za kugawana, karatasi iliyorudufishwa ndiyo mwalimu wa pili. Karatasi haina njia ya kujisahihisha. Ikishatoka katika mashine ya kurudufisha huanza kuzeeka, na mtoto anayeipokea haoni mvi zake.

Najua kuna watakaonipinga, na haifai kupuuza hoja zao.

Wa kwanza atasema kwamba programu hizi ni za bure, zimeandikwa na watu wasiolipwa, na aliyepewa farasi hana haki ya kumhesabu meno. Nakubali kuwa hatuna haki ya kuwaamrisha waliotupa kazi yao bila malipo. Lakini hoja yangu haiwaendei wao kwanza. Inatuendea sisi tunaochukua kilicho chao, tukakipeleka darasani na kukitilia muhuri wa shule. Sisi tunalipwa. Mtoto hakupewa karatasi na mfadhili wa mbali, alipewa na mwalimu wake.

Wa pili atasema kuwa taabu ni mwalimu, na kwamba kijana akihangaika wiki mbili ataerevuka. Upo ukweli hapa, maana hakuna fundi aliyeiva bila kuungua vidole. Hata hivyo, tutofautishe taabu inayofundisha na taabu inayopotosha. Mwanafunzi anayehangaika na hesabu ngumu hutoka akiijua hesabu. Anayehangaika na hesabu ambayo jibu lake limechapishwa vibaya nyuma ya kitabu hutoka akiwa ameacha kuziamini akili zake.

Wa tatu, ambaye ni wa siku hizi, atasema kwamba miongozo haina kazi tena kwa kuwa zipo mashine za akili bandia zinazojibu kila swali. Mimi nazitumia na siwakatazi wanafunzi. Lakini mashine hizo zimefunzwa kwa maandishi ya watu, na maandishi hayo yamejaa yale yale yaliyopitwa na wakati. Nimeziuliza kuhusu notmuch zikanipa jibu lililochanganya amri za kiungo cha kale na za kiungo kipya katika mstari mmoja, kwa lugha tamu isiyo na chembe ya shaka. Yaani kisima kikichafuka, kubadilisha ndoo hakusaidii.

Basi tufanye nini? Nitaanza na mwanafunzi, kwa sababu ndiye anayeumia kabla ya wengine.

Ewe mwanafunzi, programu inapozima ghafla, usianze kwa kujilaumu. Anza kwa kuuliza matoleo. Python yako ni toleo gani? Maktaba ya notmuch ni toleo gani? Kiungo chako ni kipi, na kilitoka wapi? Ziandike nambari hizo katika daftari kabla ya kugusa kitu. Mara nyingi utakuta kuwa maktaba na kiungo vilipatikana mahali mbalimbali na havikukusudiwa kufanya kazi pamoja.

Kisha itazame tarehe ya mwongozo unaoufuata. Kama hauna tarehe wala toleo, uchukulie kama uvumi: huenda ukawa kweli, lakini sharti uthibitishwe. Iulize programu yenyewe. Python ina amri iitwayo dir, inayokuorodheshea majina yaliyomo ndani ya kitu, na nyingine iitwayo help, inayokueleza matumizi yake. Jina lililomo katika mwongozo lakini halimo katika orodha hiyo halipo, hata likiwa limechapishwa kwa wino wa dhahabu.

Ikiwa programu imezima bila kusema neno, iamshe iseme. Tangu toleo la 3.3, lililotoka mwaka 2012, Python ina sehemu iitwayo faulthandler. Ukiiwasha unapoanzisha programu, itakuonyesha ni mistari ipi ya Python iliyokuwa ikitekelezwa wakati ajali ilipotokea. Kwa mwanafunzi wangu, amri hiyo moja ingemwokolea wiki mbili. Baada ya hapo, punguza programu yako. Ondoa mistari mmoja mmoja, huku ukihakikisha kuwa ajali bado inatokea, hadi ibaki mistari kumi au pungufu. Aghalabu sababu hujitokeza yenyewe kabla hujafika mwisho.

Na katika kazi za aina hii, soma ukiwa ndani ya nyumba. Ukifungua hazina ya barua, toa unachokihitaji, yaani mtumaji, tarehe na kichwa, ukinakili katika maneno ya kawaida ya Python kabla hujaifunga. Usitoke na ufunguo wa chumba ukitumaini kuwa chumba kitakungoja. Kumbuka pia kwamba usomaji wa muda mrefu huweza kukatizwa ikiwa programu nyingine inaongeza barua mpya katika faharasa ile ile. Xapian itatoa kosa kusema kuwa hazina imebadilishwa. Hilo si kosa lako. Ifungue hazina upya na uanze tena.

La mwisho kwako ni hili. Ukishapata jawabu, usiondoke nalo kimya kimya. Andika aya moja, ueleze ulikwama wapi, kwa matoleo yapi, na ulijinasua vipi. Wape waundaji wa programu, mpe mwalimu wako, ibandike ukutani katika maabara. Atakayekuja nyuma yako hakujui, lakini atakuombea dua.

Nanyi walimu wenzangu, tujifunge mshipi. Kila karatasi tunayoigawa iwe na tarehe na matoleo katika mstari wake wa kwanza. Kabla ya muhula kuanza, tuketi mbele ya tarakilishi ile ile atakayoitumia mwanafunzi, tuijaribu mifano yetu yote, mmoja baada ya mwingine. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuwapakulia wageni. Kwa wanaotumia Python, kazi hii ni nyepesi kuliko wanavyodhani, kwa kuwa tangu mwaka 2001 lugha hiyo ina chombo kiitwacho doctest, ambacho husoma mifano iliyomo ndani ya maelezo, huitekeleza, na kutangaza ni ipi ambayo haileti tena jibu lililoandikwa. Maelezo yanaweza kupewa mtihani kama wanavyopewa wanafunzi.

Tubadilishe pia namna tunavyotoa alama. Mradi wa mwanafunzi unapofanya kazi tunampa alama zote, hata kama hakuandika sentensi moja ya kumwelekeza mtu mwingine. Hivyo tunamfundisha kuwa maelezo ni mapambo ya hiari. Kesho ataajiriwa, ataunda programu itakayotumiwa na watu wengi, na ataacha nyuma yake mwongozo usiosomeka. Mbegu ya miongozo mibovu hupandwa katika madarasa yetu. Napendekeza kuwa sehemu ya alama, na iwe sehemu nzito, iwekwe kwa ajili ya maelezo, na yasahihishwe kwa kumpa mwanafunzi mwingine ayafuate hatua kwa hatua. Akifika, mwandishi amefaulu. Akipotea, mwandishi arudie kazi yake.

Walimu wa Kiswahili nao wasidhani kwamba hayawahusu. Kueleza jambo kwa mpangilio, kuchagua neno moja na kulishikilia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kumfikiria msomaji asiyejua unachokijua wewe: hayo ni mafunzo ya insha. Mwanafunzi akiandika mwongozo wa programu kwa Kiswahili sanifu amefanya kazi ya masomo mawili kwa pamoja, na ameongeza akiba ya lugha yetu katika uwanja ambao bado tunaazima maneno kila siku.

Yule msichana hakuliacha somo. Tulipokwisha kuelewa kilichokuwa kikitokea, aliiandika programu yake upya kwa kiungo kipya katika siku mbili, na ofisi ikapata orodha yake ya barua zisizojibiwa. Kisha akaniomba ile karatasi yangu ya mwaka 2018. Aliirudisha siku ya tatu ikiwa imeandikwa upya, na mstari wake wa kwanza ulikuwa na tarehe ya siku ile pamoja na matoleo matatu: la Python, la notmuch na la kiungo. Katikati aliongeza onyo kuhusu kufunga hazina mapema, kwa maneno mepesi kuliko niliyoyatumia humu.

Hiyo ndiyo karatasi ninayoigawa sasa. Nayo itachakaa, kwa maana hakuna mwongozo wa milele. Nimeweka alama katika kalenda yangu, mwanzoni mwa kila muhula, ili nisisahau kuijaribu upya. Nawasihi walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo kabla ya kumrudufishia mtoto mwingine makosa ya jana.